Mtazame Anavyopumua: Kutambua Wadudu wa Majini Ukiwa Kariakoo

Vitabu vingi vya kumfundisha mtu kutambua wadudu wa mtoni viliandikwa kwa ajili ya wavuvi wa ndoana ya manyoya, wale wanaofunga nyuzi na manyoya ya ndege kwenye ndoana mpaka ifanane na mdudu, kisha wakamtupia samaki aina ya trauti. Afrika Mashariki mchezo huo una umri wake. Mwaka 1905 mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, yaliletwa na kupandikizwa katika mito ya milima ya Aberdare nchini Kenya, na tangu hapo anayeanza uvuvi huo huambiwa ageuze kwanza mawe ya mtoni aone samaki anakula nini. Msomaji wa Kariakoo hana trauti wala mawe. Ana mto Msimbazi, unaoteremka kutoka vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti na Jangwani na kumwaga maji yake baharini penye daraja la Selander. Ana mitaro ya pembeni mwa barabara, chemba zilizopasuka, na simtanki juu ya maghorofa. Hata hivyo, swali linalomkabili akichota maji hayo ni lilelile la mvuvi: huyu anayejinyonganyonga ni nani, na kuwapo kwake kunasema nini juu ya maji haya? Hoja yangu ni kwamba anayeanza aweke kando rangi, ukubwa na idadi ya miguu, aangalie kwanza jambo moja tu, yaani mdudu huyo anapataje hewa.

Sababu ni ya kimaumbile. Wadudu ni viumbe vya nchi kavu waliorudi majini, na walirudi na mfumo wa kupumua uliotengenezwa kwa ajili ya hewa. Hewa tunayoivuta ina oksijeni asilimia 21. Lita moja ya maji safi yenye nyuzi 10 za joto, kama ya kijito cha mlimani, haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 11 hivi za oksijeni, na maji yakipata joto la nyuzi 30, ambalo ni la kawaida kwenye mtaro wa Dar es Salaam, kiwango hicho hushuka hadi karibu miligramu saba na nusu. Hapo bado hujatia maji ya choo, damu ya machinjioni na maganda yanayooza, ambavyo bakteria huvila huku wakimaliza hiyo oksijeni kidogo iliyobaki. Kila mdudu anayeishi majini ilimbidi apate jibu la shida hii, na jibu lake linaonekana mwilini mwake na katika namna anavyokaa. Wako wanaopanda juu na kutoboa uso wa maji kwa mrija au matundu. Wako wanaoteka kiputo cha hewa na kuzama nacho. Na wako wanaovuta oksijeni kutoka ndani ya maji yenyewe, kwa ngozi au kwa matamvua. Makundi mawili ya mwanzo hayayadai maji chochote, yanaweza kuishi hata kwenye uchafu mzito. Kundi la tatu, hasa wenye matamvua, huishi pale tu maji yanapowaruhusu. Kwa hiyo ukishajua mdudu anavyopumua umeshapiga nusu ya hatua ya kumtambua, na papo hapo umeshaanza kuyapima maji.

Vifaa havina gharama na vyote vipo sokoni. Nunua bakuli jeupe la plastiki au sahani ya bati nyeupe, kwa sababu mdudu mwenye rangi ya maji haonekani kwenye chombo cha bluu. Upawa wenye mpini mrefu. Chujio la chai. Na lenzi ya aina wanayotumia mafundi saa. Ongeza glavu ndefu za mpira, na hili si la mapambo: maji ya Msimbazi na ya mitaro yanaweza kubeba kipindupindu, na yaliyotuama penye konokono yanaweza kubeba kichocho, kwa hiyo usiingize mguu mtupu wala usichote mvua ikiwa inanyesha, maana Jangwani hufurika upesi. Ufike polepole, kivuli chako kikiwa nyuma yako. Viluwiluwi wengi wakiona kivuli huzama, na mwanafunzi mwenye haraka huchota maji matupu akaondoka akisema hakuna kitu. Simama dakika mbili au tatu bila kutikisika, tazama uso wa maji kabla ya kuugusa, ndipo uchote kwa kuinamisha upawa ukingoni. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba au kwa mjumbe, la sivyo utadhaniwa bwana afya aliyekuja kuandika faini, na mapipa yatafunikwa mbele ya macho yako.

Wa kwanza utakayempata Kariakoo atakuwa mbu, na hapa kanuni ya pumzi inafanya kazi vizuri kuliko mahali pengine popote. Ukimwona kiluwiluwi amelala sambamba na uso wa maji, mwili wote juu, bila mrija mkiani, huyo ni Anopheles, jamaa ya mbu wa malaria. Matundu yake ya kupumulia yapo karibu na mwisho wa tumbo, juu mgongoni, na hayana mrija wa kuyafikisha hewani, kwa hiyo hana njia nyingine ila kuulaza mwili wote. Akila hukizungusha kichwa nusu duara ili mdomo uelekee juu, jambo unaloweza kuliona kwa lenzi. Ukimwona amening'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji kwa mrija mrefu mwembamba, huyo ni Culex, ambaye hapa mjini ndiye anayesambaza minyoo ya matende na mabusha, na ndiye pia anayekupigia kelele sikioni usiku. Akining'inia vivyo hivyo lakini mrija wake ni mfupi na mnene, na ukimshtua anakwenda kwa kujikunja kunja kisha anakaa chini muda mrefu kabla ya kurudi, yaelekea ni Aedes, wa homa ya dengi. Huyu umtafute kwenye vyombo kuliko kwenye mtaro: tairi bovu, ndoo iliyosahauliwa, sahani ya chini ya chungu cha maua, vifuu vya madafu vilivyotupwa nyuma ya mkokoteni, na maji ya mvua yaliyobaki juu ya zege la ghorofa ambalo halijaezekwa. Dar es Salaam ilipigwa na milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na Kariakoo ya leo, yenye ujenzi kila kona, haina uhaba wa vyombo hivyo.

Mtu anaweza kusema kwamba kutazama pumzi ni ufundi wa darasani tu. Historia ya kupambana na mbu inamjibu. Tangu mwanzo wa karne ya 20 wahudumu wa afya walimwaga mafuta juu ya madimbwi, na yaliua kwa sababu utando wake huziba matundu na mirija ya kupumulia. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga kwenye vyoo vya shimo vyenye maji chembe nyeupe nyepesi za polistirini, ndugu ya lile povu gumu linalofungashiwa televisheni madukani Kariakoo. Chembe zilielea zikafunika uso wa maji. Mbu jike akakosa pa kutagia na viluwiluwi wakakosa pa kutolea mrija. Pamoja na dawa za minyoo walizopewa wakazi, mbu wa matende walipungua sana na hawakurudi upesi, maana chembe hazioshwi na mvua kama mafuta. Hakuna aliyehitaji kuhesabu nywele za kiluwiluwi kwa hadubini ili ajue kwamba njia hiyo ingefaa. Ilitosha kujua kwamba anayeishi ndani ya choo kile anapumulia juu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wale wanaosema huhitaji kumtazama mdudu kabisa, tazama mahali tu: maji safi yenye jua ni ya mbu wa malaria, maji machafu ni ya Culex, chombo ni cha Aedes. Kanuni hii ilifundishwa miaka mingi, na kwa vijijini ina ukweli wake. Mjini imevuja. Mwaka 2004 jiji la Dar es Salaam lilianzisha mpango wake wa kudhibiti malaria mijini katika kata 15, na wakazi wa mitaa wenyewe wakapewa kazi ya kuzunguka kila wiki kukagua madimbwi, mitaro, matuta ya mboga na mashimo ya matofali, kisha kutenganisha viluwiluwi wa Anopheles na wengine kwa macho matupu. Tafiti zilizofanyika katika miaka hiyo zilikuta Anopheles hata kwenye maji yaliyochafuka, na utafiti wa mitaro uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mitaro iliyoziba huwalea mbu wa malaria na wa matende pia. Tazama sasa ile jamii ya Anopheles stephensi kutoka Asia, iliyogunduliwa Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na Kenya ikatangaza kuwa nayo mwaka 2023. Hii ni ya malaria, ila hutaga kwenye matangi na mapipa ya mjini, makao ambayo kanuni ya zamani ingempa Aedes bila kuuliza. Mkaguzi anayeangalia mahali tu angeipita. Anayeangalia jinsi kiluwiluwi alivyolala ndani ya simtanki angesimama na kuita wataalamu.

Nikubali kwamba wakaguzi wale hawakufanikiwa kila mahali. Tathmini ya kazi yao iliyochapishwa mwaka 2009 ilionyesha kuwa sehemu kubwa ya mazalia walikuwa hawaifikii, na viwanja vyenye uzio vilikuwa kikwazo kimojawapo. Kwa sehemu hilo ni tatizo la geti na mlinzi. Hata kwenye maji waliyoyafikia, mara nyingi viluwiluwi wa Anopheles waliwaponyoka. Bado, alama ya mwili uliolala au kuning'inia haikudai shahada ya biolojia, na mwaka 2006, katika kata tatu za mwanzo, kazi ya kunyunyizia viuadudu vya bakteria ilianza.

Hapo hapo kwenye bakuli utamwona mwenye umbo la alama ya mkato, kichwa na kifua vimeungana, anayeruka ruka bila kula. Huyo ni buu wa mbu, hatua ya mwisho kabla ya kuota mabawa. Mtazame kwa lenzi utaona pembe mbili ndogo juu ya kifua: kiluwiluwi alipumulia mkiani, buu anapumulia kifuani. Tofauti hii ina faida ya moja kwa moja. Viuadudu vya bakteria vinavyotengenezwa hata hapa Kibaha huua pale tu vinapoliwa, na buu hali, kwa hiyo bakuli lenye mabuu wengi linakuambia kwamba dawa hiyo imechelewa na maji hayo yamwagwe leo.

Usiishie kwa mbu. Chota tope laini la chini ya mtaro uchuje: ukipata vijidudu vyembamba vyekundu kama damu, hao ni watoto wa kironomidi, wasiouma ingawa wakikua hufanana na mbu. Wekundu ule ni himoglobini, jamaa ya ile ya damu yetu, inayowasaidia kukamata oksijeni pale ambapo karibu haipo. Ukipata funza mnene wa kijivu mwenye mkia mrefu unaorefuka na kufupika, mkia ule ni mrija wa kupumulia, na mwenyewe atakuwa nzi wa maua atakapokua. Makao yake ni maji ya karo. Kwenye dimbwi lililotulia lenye majani, kule mabondeni Jangwani au kwenye bwawa la kumwagilia mboga, utaona mdudu anayeogelea chali akipiga makasia mawili marefu, tumbo likimeta kwa kiputo cha hewa, pamoja na kombamwiko wa maji na mbawakawa wanaoficha hewa chini ya mabawa magumu. Hao ni wawindaji, na mojawapo ya mawindo yao ni viluwiluwi wa mbu. Mkuu wao ni tunutu wa kereng'ende, ambaye huvuta maji kwa tundu la nyuma, akachukua oksijeni ndani ya utumbo, na akiudhika huyatema kwa nguvu akarushwa mbele. Ndugu yake mwembamba hubeba mkiani vibapa vitatu bapa, navyo ni matamvua. Ukimwona huyo wa vibapa vitatu, maji yako yamepanda daraja kidogo.

Matamvua ya kweli ya maji yanayokwenda kasi ndiyo mvuvi wa ndoana ya manyoya anayoyatafuta, na kwa hayo itakubidi uache mji, upande hadi vijito vyenye kivuli vya misitu ya Pugu, au ufike Morogoro penye mito inayoshuka Uluguru. Hapo geuza jiwe. Tunutu mwenye mikia mitatu, mara nyingine miwili, na safu ya vijani vinavyopepea pande zote mbili za tumbo ni wa kundi la Efemeroptera, ambao wakikua huishi saa chache au siku chache tu. Mwenye mikia miwili, makucha mawili kila mguu na vishungi vya matamvua penye mizizi ya miguu ni wa Plekoptera. Anayejijengea nyumba ya chembe za mchanga, au kutandaza wavu mdogo wa hariri kati ya mawe ili maji yamletee chakula, ni wa Trikoptera. Wote watatu huvuta oksijeni ndani ya maji, na kwa sababu hiyo wanasayansi wamewafanya kuwa kipimo. Afrika Kusini waliunda mfumo wa kuipa kila familia ya wadudu wa mtoni alama kati ya 1 na 15 kwa jinsi isivyostahimili uchafu: mbu hupata 1, kironomidi 2, Plekoptera wa familia ya Perlidae 12. Tanzania nayo imejijengea mfumo wake juu ya msingi huo, unaojulikana kwa kifupi TARISS, kazi ya kina Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukizitazama alama hizo kwa makini utaona ngazi ya pumzi: wa mrija chini, wa matamvua laini juu.

Ngazi hiyo ina vidaraja vilivyovunjika, na anayeanza ni vizuri avijue mapema. Mbu wa jamii ya Mansonia ana mrija, lakini hautoi juu. Huuchoma kwenye mizizi ya mimea inayoelea na kupumua hewa iliyo ndani ya mmea, kwa hiyo dimbwi lenye magugumaji linaweza kuonekana halina mbu kabisa mpaka ung'oe mmea na kuutikisa ndani ya bakuli. Mabuu ya usubi yana matamvua ya nyuzi na hukaa kwenye maji yaendayo kasi, lakini hustahimili uchafu kiasi, maana mkondo wenyewe huwaletea oksijeni. Tena mdudu aliyekufa hapumui, kwa hiyo kielelezo kilichokaa kwenye spiriti kitakulazimisha urudi kwenye nywele na miguu. Zote ni hitilafu za kweli. Ila ukizichunguza, kila moja inaelezwa kwa kuuliza tena swali lilelile, hewa yake inatoka wapi, na sijaona alama nyingine ya anayeanza inayojieleza hata pale inapokosea. Rangi hubadilika kwa tope alilokula mdudu, na ukubwa hubadilika kwa umri wake.

Wengine watasema simu imemaliza kazi hii: piga picha, programu ikutajie jina. Itumie, haina ubaya. Kasoro yake ni kwamba picha humkamata mdudu akiwa bakulini, pengine amejikunja kwa hofu, na hivyo kupoteza lile jambo linalomtambulisha, jinsi alivyokaa majini kabla hujamgusa. Ukitaka simu ikusaidie, piga video ya uso wa maji kwanza, ndipo uchote. Kisha andika kwenye daftari mambo manne tu: tarehe, mahali, kama maji yanakwenda au yametuama, na namna ya kupumua ya kila mdudu uliyemwona. Jina liache tupu kama hulijui. Mtaalamu akilisoma daftari hilo ataweza kujaza mengi ya majina hayo.

Maji ya chombo ukiyakuta na viluwiluwi usiyamwage mtaroni, yamwage juu ya saruji kavu penye jua, na chombo cha Aedes ukisugue ndani kwa brashi, kwa kuwa mayai yake hubaki yamegandamana ukutani miezi kadhaa bila maji yakisubiri mvua. Simtanki ifunike kwa mfuniko uliokaza, na tundu la kufurikia ulifunge kwa kipande cha chandarua. Kwa joto la Dar es Salaam yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi. Chagua basi siku moja ya wiki, ileile kila wiki, upande na bakuli lako jeupe kukagua tangi la nyumba unayolala.